Kwenye njia ya Waturuki Vijana: Istanbul, Thessaloniki, Bitola, Resen

Jumamosi, Istanbul

Julai 1908 maofisa wa jeshi waliokuwa Masedonia, walioitwa Waturuki Vijana, walimlazimisha Sultani Abdülhamid II wa Dola ya Osmani arudishe katiba aliyokuwa ameisimamisha kwa miaka 30. Risasi zilizopigwa zilikuwa chache. Kazi kubwa ilifanywa na viapo, barua za kufichwa na telegramu. Siku zile Waislamu, Wakristo na Wayahudi walikumbatiana barabarani, na viongozi wa dini wakashikana mikono mbele ya umati. Miaka saba baadaye baadhi ya walioshangiliwa siku ile walikuwa wakiamuru wenzao wauawe. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nataka kupita walikopita, mji kwa mji, nione mambo yalianza kwenda mrama wapi.

Mdogo wangu anasoma uhandisi hapa na ndiye mwenyeji wangu. Nilimpeleka kwanza Cağaloğlu, mbele ya jengo kubwa la ghorofa ambalo leo ni shule ya sekondari. Akashangaa.

"Dada, umetoka kote huko kuja kutazama shule?"

Haikujengwa iwe shule. Yalikuwa makao ya Mamlaka ya Deni la Umma. Dola ya Osmani ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 1875, na mwaka 1881 wakopeshaji wa Ulaya wakapewa haki ya kukusanya wenyewe mapato ya chumvi, tumbaku, pombe, stempu, samaki na hariri. Mkulima wa tumbaku wa Samsun alikuwa akimlipa mwenye hati ya mkopo wa Paris kabla hazina ya Sultani haijaona kitu. Huku mlimani jengo linang'aa, na huko mipakani ofisa wa jeshi anakaa miezi bila mshahara. Ukitaka kujua hasira ya 1908 ilitoka wapi, anza hapa kabla hujafika kwenye hotuba za uhuru.

Kutoka pale tuliteremka kwa miguu hadi Sirkeci, karibu na bustani ya Gülhane. Maeneo haya ndiko kilikokuwa Chuo cha Tiba cha Jeshi, na mwaka 1889 wanafunzi wake waliunda jumuiya ya siri. Wanne ndio wanaotajwa kwanza: İbrahim Temo, Mwalbania wa Struga, Abdullah Cevdet na İshak Sükuti, Wakurdi, na Mehmed Reşid, Mcherkesi. Hakuna Mturuki hata mmoja kati yao. Kila aliyejiunga alipewa namba, Temo akiwa wa kwanza, ili mmoja akikamatwa asiwataje wengi. Yashike majina haya manne, hasa la mwisho. Nitalirudia.

Jumapili, Galata na Yıldız

Tulivuka daraja la Galata kwa miguu, wavuvi wakiwa wamejipanga ukingoni na ndoano zao. Upande wa pili, mitaa inayopanda kutoka bandarini, ndiko zilikokuwa posta za mataifa ya kigeni. Wafaransa, Waingereza na Waaustria, kila mmoja alikuwa na posta yake ndani ya mji mkuu wa Sultani, na polisi wa Sultani hawakuruhusiwa kufungua mifuko yao. Huo ulikuwa unyonge wa dola, na wapinzani wakaugeuza njia yao ya kuingizia magazeti. Ahmed Rıza, mpinzani aliyeishi uhamishoni, alianza kuchapa gazeti la Meşveret huko Paris mwaka 1895, na nakala zilifika hapa kupitia posta hizo.

Kule Paris wenyewe hawakupatana. Katika mkutano wao wa 1902, mwanamfalme Sabahaddin, mpwa wa Sultani, alitaka dola za Ulaya zisaidie kumwondoa mjomba wake, na Waarmenia walimuunga mkono. Ahmed Rıza akakataa katakata: wageni wakiingia hawatatoka. Wakagawanyika. Kila upande ulikuwa na hoja. Waarmenia walikuwa wamechinjwa kwa maelfu mengi kati ya 1894 na 1896 chini ya Sultani huyo, wangewezaje kungoja? Na Ahmed Rıza alikuwa ameshaona Misri na Tunisia zikichukuliwa.

Jioni tulipanda Yıldız, kwenye kasri alikojifungia Abdülhamid. Si jumba moja. Ni nyumba nyingi ndani ya bustani yenye miti mikubwa na kuta ndefu. Humu zilifika ripoti za majasusi kutoka kila pembe, jirani akimchongea jirani ili apate cheo. Niseme na la haki yake: alijenga shule nyingi, reli na nyaya za simu za maandishi. Vijana waliompindua walisoma katika shule hizo, na wakampindua kwa nyaya hizo.

Jumatatu, njiani

Basi la kwenda Ugiriki. Mpaka ni mto Meriç, foleni ndefu, mihuri, kisha mashamba ya alizeti hadi giza likaingia. Mdogo wangu amelala muda wote.

Jumanne, Thessaloniki

Mwaka 1908 mji huu uliitwa Selanik, ulikuwa chini ya Sultani, na Wayahudi wanaozungumza Kihispania cha mababu zao ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote. Bandari, reli, viwanda vya tumbaku, shule za kila taifa. Ukiuona mji wenyewe unaelewa kwa nini kamati ya siri iliyofanya mapinduzi haikuzaliwa Istanbul: jicho la Yıldız lilikuwa mbali, na gazeti la Ulaya lilifika na treni.

Septemba 1906 watu kumi waliunda hapa Jumuiya ya Uhuru ya Osmani. Aliyekuwa na akili ya mambo ni Talat, karani wa posta. Hakuwa na cheo cha jeshi wala shahada, lakini alijua barua inapita wapi na nani anaifungua. Mwaka uliofuata wakaungana na kundi la Ahmed Rıza, na ndiyo ikawa Kamati ya Umoja na Maendeleo.

Namna ya kuingia ilikuwa hivi. Mdhamini wako anakuja kukuchukua usiku, anakufunga kitambaa machoni na kukuzungusha mitaani hadi usijue uko wapi. Unaingizwa chumbani. Mkono mmoja unawekwa juu ya Kurani, mwingine juu ya bastola, unaapa kutii na kufa ikibidi. Kitambaa kinapofunguliwa unaona watu watatu waliofunika nyuso. Kisha unafungwa tena na kurudishwa kwako. Baada ya hapo unawajua wachache tu wa tawi lako. Baadhi ya mikutano ilifanyika katika nyumba za Freemason za Waitaliano, kwa sababu polisi wa Sultani hawakuthubutu kuingia mali ya mgeni.

Nilisimama muda mrefu katika Uwanja wa Uhuru, karibu na bahari. Wagiriki waliuchukua mji Novemba 1912, na hata hivyo jina hili lililotokana na siku za 1908 limebaki. Hapa ndipo watu walipomwagika Julai ile. Enver, ofisa wa miaka 26, alisimama kuhutubia, na inasimuliwa kwamba aliwaambia tangu leo hapana tena Mbulgaria, Mgiriki, Mromania, Myahudi wala Mwislamu, wote ni ndugu chini ya anga moja. Yane Sandanski, Mbulgaria aliyekuwa akisakwa milimani na zawadi juu ya kichwa chake, aliingia mjini akapokewa kama shujaa. Wanawake nao walitoka barabarani na kuandika magazetini. Sauti zao zilisikika, kura hawakupewa: wanawake wa Uturuki walipata haki ya kuchagua wabunge mwaka 1934.

Uwanja huuhuu, Julai 1942, Wajerumani waliwakusanya wanaume wa Kiyahudi wapatao 9,000 juani wakawatesa na kuwadhalilisha, na mwaka uliofuata jamii yao karibu yote ikapelekwa Auschwitz. Kuna sanamu ya ukumbusho pembeni. Mdogo wangu alisoma maandishi yake yote, akanyamaza mpaka tuliporudi hotelini.

Jumatano, Thessaloniki

Asubuhi tulikwenda nyumba aliyozaliwa Mustafa Kemal, ndani ya ua wa ubalozi mdogo wa Uturuki. Watalii wa Kituruki wanalia pale. Katika mapinduzi ya 1908 yeye hakuwa mtu wa mbele, na ni vizuri likasemwa, maana siku hizi kila jambo anapachikwa yeye.

Mchana tukapanda basi la mjini hadi Villa Allatini, jumba la matofali mekundu lililokuwa la familia tajiri ya Kiyahudi na sasa ni ofisi za serikali ya mkoa. Abdülhamid aliletwa hapa Aprili 1909 baada ya kuvuliwa kiti, akafungiwa katika mji uleule uliompindua. Alikaa hadi 1912, vita vya Balkani vilipokaribia akarudishwa Istanbul.

Alhamisi, Bitola

Basi hadi Florina, teksi hadi mpakani, na upande wa pili Masedonia Kaskazini. Bitola ndiyo Manastır ya zamani, mji wa kambi za jeshi na wa mabalozi wadogo. Barabara yake kuu, Širok Sokak, haipiti magari. Nyumba zimepakwa rangi za waridi na njano, mikahawa imejaa, na mlima Pelister umesimama mwisho wa macho.

Juni 1908 mfalme wa Uingereza na wa Urusi walikutana Reval, Tallinn ya leo. Huku maofisa walielewa jambo moja: Masedonia inakwenda kugawanywa. Tangu 1904 maofisa wa Ulaya walikuwa tayari wakisimamia polisi wa eneo hili. Mishahara haikuja, mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa mabaya, Erzurum watu walikuwa wameasi kwa sababu ya kodi. Uajemi ilikuwa imepata katiba yake 1906. Maji yalikuwa yamezidi unga, na majasusi wa Yıldız walikuwa wamekaribia kuigundua kamati. Ilikuwa ama waende milimani au wakamatwe.

Niyazi, ofisa wa kamati aliyekuwa mji wa Resen, aliondoka kwenda milimani tarehe 3 Julai. Sultani akamtuma Şemsi Paşa, jemadari mkali, aje amponde. Tarehe 7 alifika Manastır, akaingia ofisi ya telegrafu kuwasiliana na kasri, akatoka kwenda kwenye gari lake la farasi. Luteni kijana anayeitwa Atıf akampiga risasi mbele ya walinzi wake na akatoroka. Walinzi hawakuwa na hamu ya kumkimbiza.

Nilimwonyesha mdogo wangu mitaa ya katikati ya mji nikimwambia ilikuwa hapahapa. Akauliza swali lililonikaa: "Sasa dada, huyu aliyempiga mzee risasi ni shujaa?" Watu wa siku ile walimwita hivyo. Mimi nasema jemadari yule alikuja na amri ya kumwaga damu, na bila risasi ile huenda vijiji vingi vingechomwa. Lakini nasema pia kwamba kamati ilijifunza siku ile kuwa mtu mmoja mwenye bastola, asiyehojiwa na yeyote, anaweza kumaliza ubishi. Somo hilo hawakulisahau.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Askari walioletwa kutoka Anatolia kuwazima waasi walikataa kuwapiga. Kule Firzovik, katika Kosovo ya leo, maelfu ya Waalbania walikusanyika wakiwa na hasira dhidi ya Waaustria. Watu wa kamati wakaingia kati yao, na tarehe 20 Julai telegramu ikatoka kwao kwenda kwa Sultani: katiba. Siku mbili baadaye Niyazi akaingia Manastır usiku na kumteka Osman Paşa, mkuu mpya wa jeshi, kitandani mwake. Tarehe 23 mizinga ikapigwa hapa na katiba ikatangazwa kabla Sultani hajakubali. Telegramu zilimiminika Yıldız kutoka mji baada ya mji. Alfajiri ya tarehe 24 akakubali.

Shule ya jeshi ya Manastır sasa ni makumbusho, na ina chumba cha Mustafa Kemal aliyesoma hapo. Mimi nilikuwa nikimfikiria mwingine, Vehib, mmoja wa maofisa wa kamati wa mji huu. Alikuja kuwa paşa, na mwaka 1918 alitoa ushahidi wa maandishi dhidi ya waliopanga mauaji ya Waarmenia. Kisha mwaka 1935, akiwa mtu mzima asiye na nchi, alikwenda Ethiopia kumshauri Ras Nasibu katika vita vya Ogaden dhidi ya majeshi ya Mussolini. Ofisa wa Manastır katika jua la Ogaden! Habari zake hazijulikani kwetu kama zinavyostahili, na ni jirani yetu aliyemsaidia.

Kwenye meza ya muuza vitu vya zamani, karibu na mnara wa saa, nilinunua nakala ya postikadi. Niyazi amesimama kafunga mikono, masharubu yamekunjwa juu, mikanda ya risasi imepishana kifuani, miguuni viatu vya mlimani. Pembeni yake kulungu. Kulungu yule alifuatana na kikosi chake porini, watu wakasema ni ishara ya Mungu, na baada ya ushindi alipigwa picha na kuuzwa kila mji wa dola.

Ijumaa, Resen

Mji mdogo kati ya mashamba ya matofaa, karibu na ziwa Prespa. Tulifika saa ya sala ya Ijumaa, na hiyo ndiyo saa aliyoichagua Niyazi. Wakubwa walipokuwa msikitini yeye alifungua ghala la silaha, akachukua bunduki na fedha za kikosi, akaondoka na watu wapatao 200, askari na raia. Vijijini alikusanya kodi akatoa stakabadhi. Vijiji vya Wabulgaria aliviandikia kwa lugha yao, akiwaambia hakuja kuwadhuru. Yeye mwenyewe alikuwa Mwalbania.

Katikati ya mji limesimama jumba lake, Saraj, jeupe, la mtindo wa Kifaransa, kubwa kupita kila kitu kilicho karibu. Alianza kulijenga kabla ya mapinduzi. Hakulifaidi muda mrefu. Aprili 1913 alipigwa risasi bandarini Vlorë akingoja meli ya Istanbul.

Ndani leo kuna picha za wachoraji na vyombo vya udongo. Nilikaa kwenye ngazi za mbele nikaandika jambo ambalo tangu Thessaloniki nilikuwa nikilizunguka. Baada ya Julai 1908 kamati ilishinda, lakini haikujitokeza. Makao yake yalibaki Thessaloniki, majina ya wakuu wake hayakutangazwa, na serikali ya Istanbul ilipokea maagizo kutoka kwa watu ambao bunge halikuweza kuwaita na kuwauliza. Wafanyakazi wa reli na bandari waliogoma kiangazi kile, wakidhani uhuru ni wao pia, walikutana na sheria ya kuzuia migomo kabla ya Oktoba kwisha. Bunge lilifunguliwa tarehe 17 Desemba likiwa na Waturuki, Waarabu, Waalbania, Wagiriki, Waarmenia, Waslavi na Wayahudi, bunge la ajabu na la kutia moyo. Tayari Bulgaria ilikuwa imejitangazia uhuru na Austria imeichukua Bosnia. Hofu ikapata chakula.

Jumapili, Istanbul

Basi la usiku kupitia Bulgaria. Tulishuka, tukaoga, tukaenda Çemberlitaş.

Abdülhamid amezikwa hapa, ndani ya kaburi la babu yake Mahmud II, kando ya njia ya tramu. Wageni humwombea. Nje, makaburini, nilimtafuta Hasan Fehmi, mhariri aliyeisema kamati waziwazi na kupigwa risasi juu ya daraja la Galata usiku wa tarehe 6 Aprili 1909. Muuaji hakupatikana. Mazishi yake yaliujaza mji, na siku chache baadaye askari wa Istanbul wakaasi wakidai sheria ya dini. Jeshi la Mahmud Şevket Paşa likaja kwa treni kutoka Thessaloniki, likauteka mji tarehe 24 Aprili, na Sultani akaondolewa. Hasan Fehmi hakuwa wa mwisho. Ahmed Samim aliuawa 1910, Zeki Bey 1911, wote waandishi, wote wapinzani wa kamati. Waandishi wa Uturuki hadi leo huwakumbuka wenzao waliouawa kila tarehe 6 Aprili.

Mchana tukaenda Şişli, kwenye kilima cha Mnara wa Uhuru. Ulifunguliwa mwaka 1911: mzinga wa mawe unaotazama juu, kwa ajili ya askari waliokufa wakiuzima uasi ule. Siku hizi umezungukwa na barabara kuu, na mahakama makubwa ya Çağlayan yako jirani.

Waliozikwa hapa ndio walionishika. Midhat Paşa, baba wa katiba ya 1876, aliyenyongwa gerezani Ta'if mwaka 1884. Mahmud Şevket, aliyeuawa Juni 1913, miezi michache baada ya Enver na wenzake kuvamia ofisi ya waziri mkuu na kuchukua serikali kwa bastola. Talat, karani wa posta aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya ndani, aliyesimamia kufukuzwa na kuuawa kwa Waarmenia mwaka 1915, akapigwa risasi na Mwarmenia Berlin mwaka 1921. Enver mwenyewe, aliyerudishwa kutoka Tajikistani mwaka 1996.

Mdogo wangu aliniuliza kuhusu lile jina la nne la Sirkeci. Mehmed Reşid, mwanafunzi wa tiba wa 1889 aliyeapa kupigania katiba, mwaka 1915 alikuwa gavana wa Diyarbakır, na mauaji ya Waarmenia na Waashuri katika mkoa wake yalikuwa ya kutisha hata ukilinganisha na kwingine. Alijiua mwaka 1919 asikamatwe.

Krikor Zohrab, wakili, mwandishi na mbunge wa Istanbul tangu 1908, alikuwa rafiki wa Talat na alikula naye meza moja. Alikamatwa na mbunge mwenzake Vartkes, wakasafirishwa mashariki, wakauawa karibu na Urfa kiangazi cha 1915. Abdulhamid al-Zahrawi, mbunge wa Hama katika bunge lilelile, alinyongwa Damascus tarehe 6 Mei 1916 kwa amri ya Cemal Paşa, mmoja wa wakuu wa kamati. Walikuwa wameapa kuilinda katiba moja na waliowaua.

Kilimani pale hakuna majina yao, na mimi nadhani yanapaswa kuwekwa. Wabunge wa Desemba 1908 waliouawa na serikali ya wenzao waandikwe hapa, kila mmoja na mji uliomchagua, karibu kabisa na kaburi la Midhat.